Imekataa Vipi?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja baada ya salaa ya alasiri, kwenye ukumbi wa skuli moja hapa Chake Chake, Pemba, mbele ya wazazi, walimu na vijana. Waliokosa kuja wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu yote, nikaacha tu pale nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipolia kama paka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, wazazi wangu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni ili mkichoka mtoke bila ya kuonekana: nakuoneni. Nashukuru kwa kualikwa. Mimi si mhadhiri, ni fundi wa kompyuta. Nimezoea kusema na mtu mmoja mmoja, na mara nyingi mtu huyo ana hasira. Nimepewa mada ya programu zinazokataa kuingia kwenye kompyuta za majumbani, na nimeambiwa nisivuke magharibi.

Nianze na simu niliyopigiwa na mpwa wangu. Yuko Wete, anasomea ualimu, na laptopu yake ni ya mtumba, kaka yake ndiye aliyemnunulia. Saa tatu usiku simu ikalia.

"Shikamoo Mjomba. Programu imekataa."

"Marahaba. Imekataa vipi?"

"Imekataa tu."

"Imeandika nini?"

"Kimekuja kidirisha, nimeshakifunga."

"Kilisema nini?"

"Kiingereza, Mjomba. Kirefu."

Jamani, ningeweza kuishia hapo nikaenda zangu nyumbani. "Imekataa tu" nalisikia kila siku, kwa mzee na kwa kijana, kwa aliyesoma na asiyesoma. Mvuvi wa Wesha ukimuuliza mbona leo hakwenda baharini, hakujibu kwamba bahari imekataa tu. Atakwambia kusi limepanda, au maji ni mafu, au mashine imeingia maji. Ana miaka arubaini na bahari, na bado anaitaja sababu kwa jina lake. Sisi tuna kompyuta mwaka wa pili, tunasema imekataa tu, tunaifunga, tunaibeba kwa fundi.

Najua kwa nini kile kidirisha tunakifunga mbio. Kwanza ni lugha. Tuna maneno mazuri ya Kiswahili kwa kazi hii, kupakua, kusakinisha, kivinjari, lakini yamefika kwenye kamusi na hayajafika kwenye vidirisha vingi. Pili, na hili hatulisemi, ni haya. Kinakuja na alama nyekundu na mlio wake, kama mwalimu aliyepiga meza, nasi tunajiona tumegombezwa. Mtu aliyegombezwa hasomi, anataka kelele ziishe.

Basi safari ijayo, kabla hujagusa chochote, kipige picha kwa simu. Hata kama hujui neno moja la Kiingereza, picha inajua. Google Translate ina kamera na Kiswahili inakijua, si kwa ufasaha wa Makunduchi, lakini utaambulia. Na kama kuna namba, namba haina lugha.

Hilo neno kusakinisha tusilipite hivi hivi. Mitaani tunasema kuinstoo, sawa, sina ugomvi. Lakini kusakinisha limetoka kwenye kusakini, yaani kukaa, kufanya makazi. Ndugu yake ni maskani, na hapa Zanzibar maskani hakuna asiyeijua. Programu haimwagwi ndani ya kompyuta kama mchele ndani ya pipa. Inahamia. Inatafuta nafasi, inaomba ruhusa ya mwenye nyumba, inaandikisha jina lake, inauliza kama majirani inaowategemea wapo. Kile unachobonyeza mara mbili, kisakinishi, ni mpagazi tu. Mara nyingi mpagazi anagomea mlangoni, na anasema kwa nini. Sisi tunamfungia mlango usoni, halafu tunakwenda kubomoa nyumba.

Kubomoa nyumba ndiko tunakokuita kupiga windo: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Naomba niseme ukweli wangu hapa, maana wengine mlioko humu mnanijua tangu nilipokuwa na meza ya bati.

Mwaka 2013 alinijia mzee mmoja kutoka Konde. Kompyuta yake ilikuwa inagoma kuweka programu ya printa. Ilitoa kidirisha chenye namba 1618. Sikuijua, na sikutaka mzee ajue kwamba siijui. Nikamwambia, "Hii imekufa ndani, inataka kupigwa windo." Shilingi 20,000. Akakubali, mimi ndiye fundi. Jioni nikamkabidhi kompyuta safi inayong'ara, printa inatoa karatasi. Akaniombea dua. Kesho yake asubuhi akarudi, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, zile kaswida za marehemu kaka yangu umeziweka wapi?"

Sikuwa nimeziweka popote. Nilikuwa nimezifuta. Zilirekodiwa nyumbani kwao, sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka, na nakala nyengine haikuwepo.

Na 1618 maana yake nini? Maana yake kuna usakinishaji mwengine unaendelea, subiri ule umalize kwanza. Basi. Kile kidude ndani ya Windows kinachopokea programu hakipokei mbili kwa wakati mmoja, kama gati yenye nafasi ya jahazi moja. Siku ile Windows ilikuwa inajiwekea masasisho yake kimyakimya. Dawa ilikuwa kungoja nusu saa, au kuzima na kuwasha. Maneno ya kidirisha yalisema hivyo hivyo, wazi, na mimi nilikuwa nimekifunga.

Turudi Wete. Nikamwambia mpwa wangu, "Bonyeza tena. Kikija, usikiguse. Nisomee." Kikaja. Akanisomea neno kwa neno, nami nikamfasiria: ukaguzi wa uzima wa kisakinishi umeshindwa, sababu za kawaida ni upakuaji usiokamilika, au chombo cha kuhifadhia kilichoharibika.

Oneni. Mpagazi kasema shida yake, kisha kataja na sababu mbili bila ya kuulizwa. Visakinishi vingi sana husema maneno haya haya, kwa sababu vimetengenezwa kwa chombo kimoja, NSIS, kilichoanzishwa na kampuni ya Nullsoft, wale wale wa Winamp. Wa umri wangu wanaikumbuka Winamp, tuliipigia taarabu usiku kucha.

Nikamuuliza, "Faili umelipata wapi?" Kumbe hakulipakua mwenyewe. Alimpa shoga yake flashi, shoga akamnakilia, na kwa haraka ya kuwahi gari akaichomoa kabla haijamaliza. Mpwa wangu akanibishia: "Lakini Mjomba, ukubwa wake ni sawasawa, nimetazama."

Hapa wapemba wenzangu mtanielewa upesi kuliko watu wa kwengine kokote. Gunia la karafuu linawekwa kwenye mizani, kilo zimetimia. Je, ndani mna karafuu? Huenda mna makonyo, vile vijiti vyake. Huenda mna mchanga. Mizani inapima uzito, haionji. Faili nalo hivyo hivyo: kompyuta inaweza kulitengea nafasi yake yote mwanzoni, ndipo ianze kulijaza. Ukichomoa flashi katikati, unabakia na gunia lenye ukubwa kamili ambalo nusu yake ni makonyo.

Kuonja kupo. Baadhi ya wanaotoa programu kwa uaminifu huandika kwenye tovuti yao alama ya faili, inaitwa SHA-256, herufi na tarakimu 64 zilizopangwa bila ya maana yoyote kwa macho. Ni kama alama ya kidole. Badilisha herufi moja tu ndani ya faili, alama yote inakuwa nyengine. Kwenye Windows huhitaji kununua kitu. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, Command Prompt, unaandika kama nilivyoandika ubaoni: certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Inakutolea zile 64, nawe unalinganisha na za tovuti. Huna haja ya kulinganisha zote, wallahi. Tazama nane za mwanzo na nane za mwisho. Kama faili limeharibika, hutafika hata ya tatu.

Mpwa wangu akailinganisha kwa kusoma tovuti kwenye simu. Hazikufanana hata mwanzo. Nikamwambia, "Basi lifute, lipakue mwenyewe upya." Akanyamaza kidogo. "Mjomba, siwezi. Brauza ya laptopu haifungui kitu. Kila tovuti inasema si salama. Ndiyo maana nilimpa shoga yangu flashi."

Hapo ndipo nilipokaa kitako kitandani. Kumbe faili bovu halikuwa ugonjwa, lilikuwa dalili ya kitu chengine, na kitu hicho alikuwa ameshakizoea hata hakioni tena. Nikamuuliza, "Pembeni kulia, chini kabisa, kompyuta inasema leo tarehe ngapi?"

"Mosi Januari 2012."

Tovuti nyingi siku hizi kila moja ina cheti chake, yaani kitambulisho cha kuonesha kwamba ni yenyewe, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Umri wake ni mfupi, hauzidi mwaka na kidogo. Sasa kompyuta inayoamini kwamba tuko 2012 ikioneshwa cheti cha mwaka huu, inaona hiki bado hakijaanza, huyu ananidanganya. Inakataa, na kwa akili yake iko sawa. Saa hiyo hiyo mbovu inaweza pia kuvuruga usakinishaji wenyewe, maana na programu nyingi nazo hutiwa saini zenye tarehe. Mtu atasema, si ingejirekebisha yenyewe ikiona intaneti? Ikikosea kwa dakika au saa chache, ndiyo. Ikipotea miaka, mara nyingi Windows haithubutu kuruka mbali kiasi hicho, inakungoja wewe.

Na saa inapotea kwa sababu ya betri. Si ile kubwa ya chaji, hapana. Ndani kuna betri ndogo ya duara, bapa, kama sarafu. Kwenye mashine nyingi za zamani ni CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuiwekea saa umeme wakati kompyuta imezimwa. Laptopu ikikaa miaka kwenye ghala la mtumba, ikija nayo huku kwetu kwenye unyevu na chumvi, inakufa. Ya laptopu huwa imevikwa plastiki na ina vijiwaya viwili, kwa hiyo mwambie fundi akutafutie yenye waya. Usimkubalie abandike ya kompyuta ya mezani kwa utepe.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Betri ikafa, saa ikarudi nyuma, brauza ikagoma, flashi ikaazimwa, ikachomolewa kwa haraka ya gari, faili likaharibika, kisakinishi kikakataa. Na pale Wete alikuwepo fundi aliyeshamwambia, "Piga windo." Angepigiwa windo! Saa ingebaki ile ile ya 2012, kwa sababu betri haikai ndani ya Windows. Nimeona laptopu zikipandishwa boti Mkoani kwenda Unguja, nauli na usumbufu, kwa mambo ya namna hii.

Sasa hizo namba, maana nilisema namba haina lugha. Vijana, hili ni lenu. Mkiona namba ndefu inayoanza 0x8007, msiogope urefu wake. Windows imechukua namba fupi ikaivisha kanzu. Vueni 0x8007, zinabaki tarakimu nne za mwisho, nazo zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, yaani inayokwenda kwa makundi ya kumi na sita badala ya kumi. 0x80070005 ni 5: umenyimwa ruhusa, fungua kisakinishi kwa ruhusa ya msimamizi, au kama kompyuta ni ya ofisi muulize mwenye ofisi. 0x80070070, hiyo 70 kwa hesabu yetu ni 112: diski imejaa. 0x80070652 ni ile 1618 ya mzee wangu wa Konde. Na 0x80070643 ni 1603, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inasema tu kwamba jambo kubwa limeharibika, haisemi lipi.

Kwa hiyo 1603 lazima uende kwenye daftari la safari, yaani faili ambamo kisakinishi kinaandika kila hatua yake. Kama faili linaishia na .msi, unaliendesha kutoka dirisha jeusi kwa msiexec /i, jina la faili, kisha /l*v na jina la daftari unalotaka liandikwe. Litaandikwa refu, kurasa na kurasa, na wengi hukata tamaa hapo. Usilisome lote. Tafuta ndani yake maneno "return value 3". Yakipatikana, panda juu mistari michache. Hapo mara nyingi ndipo pameandikwa kilichovunjika: folda isiyoandikika, huduma iliyokataa kuwaka, faili lililoshikwa na programu nyengine. Fundi akikufanyia hivi mbele yako, mlipe kwa moyo mkunjufu. Fundi asiyekuuliza ujumbe ulisema nini, mwachie salamu uondoke.

Nafasi ya diski siikawii, ila jueni kwamba kisakinishi hujifungua kwanza kwenye folda ya muda kabla ya kuhamia, kwa hiyo programu ya gigabaiti 2 huenda ikataka 4 au zaidi kwa muda. Futeni video za harusi zilizorudufiwa mara tatu. Umeme: tangu 2010 Pemba tunaupata kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kabla yake ni majenereta. Ni afadhali kubwa, lakini unakatika, na ukikatika katikati ya usakinishaji programu inabaki nusu ndani nusu nje. Usiiweke juu yake mara ya pili. Iondoe kwanza, washa upya kompyuta, ndipo uanze.

Kuna na kukataa ambako si hitilafu. Windows 7 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Waandishi wa programu nao wanafuata nyuma. Brauza ya Chrome, kwa mfano, toleo lake la mwisho kwa Windows 7 lilikuwa la 109. Hapo hakuna cha kutengeneza. Unatafuta toleo la zamani la programu kwa wenyewe, au unaiwekea mashine Linux, mfumo mwengine mahali pa Windows, au unakubali kwamba imezeeka. Na mashine ya namna ya zamani, ya bit 32, ukiipa programu ya namna mpya, ya bit 64, haiiwezi, hata uipige windo mara kumi.

Neno la kreki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, nalisema ingawa najua litawaudhi watu. Mkiambiwa "zima antivairasi kwanza ndipo iingie," jiulizeni mgeni gani anayekwambia ufunge mbwa na uzime taa kabla hajabisha hodi. Nimeziuza diski hizo mwenyewe, zamani, kwa hiyo sisemi kwa kuwatazama watu kutoka juu. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu za duka, LibreOffice inatosha, ni bure, na ni halali.

Mpwa wangu betri aliipata baada ya siku nne. Faili akalipakua mwenyewe, alama zikalingana, programu ikaingia kwa dakika tano. Juzi kanipigia tena.

"Shikamoo Mjomba. Ni printa safari hii. Ngoja nikusomee ilivyoandika."

Basi. Naona watu wanne humu wamekuja na laptopu mikobani, na mmoja kaificha chini ya kanga. Soketi hapa ziko mbili tu. Mwenye chaji ndogo atangulie, na asifunge kidirisha.